«Alikugusa?»: kifungu cha 176 na uchi ambao tunaadhibu

Nianze na jambo ambalo halikuingia ndani ya TFC yangu, juu mwalimu aliyeniongoza alisema hilo ni «hadithi ya kijijini», si sayansi. Labda alikuwa na haki. Lakini hadithi hiyo njo ilinifanya nichague sheria, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Kwetu ni Kalengera, karibu na Rubare, kwenye barabara ya Goma–Rutshuru. Nilikuwa na miaka 12. Tulikuwa wasichana wanne tunatoka kuchota maji, kila mmoja na bidoni mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mwanaume mmoja akatoka ndani ya mahindi, akasimama katikati ya njia, akateremsha pantalo. Hakusema kitu. Hakukimbia nyuma yetu. Kitu ambacho sijasahau ni kwamba alikuwa anaangalia nyuso zetu, anangojea. Tulitupa bidoni, tukakimbia. Moja ikapasuka, na ni ile bidoni iliyoleta kesi nyumbani, si yule mwanaume.

Mama aliniuliza neno moja tu: «Alikugusa?» Nikajibu hapana. «Basi Mungu asifiwe. Musipitake tena ile njia.»

Tukaanza kupita njia ya juu, ambayo ilikuwa ndefu zaidi, na bidoni imejaa. Yeye alibaki na njia yake. Siku ya Mungu alikuwa anamsalimia baba vizuri sana, na baba anamuitika. Watu walisema ni pombe, wengine wakasema ana kichaa kidogo. Lakini mwenye kichaa hachagui saa ambayo wasichana wanapita peke yao. Hakuwahi kuteremsha pantalo mbele ya wazee kwenye baraza la shefu, wala mbele ya wanajeshi kwenye kizuizi.

Miaka ikapita, nikafika Goma kusoma. Mwaka wa pili, rafiki yangu alisimamishwa na askari mmoja karibu na rond-point, mchana, watu wanaona. Alikuwa na jipe iliyofika juu ya magoti kidogo, kitu ambacho kila mtu anaona Goma kila siku. Askari akamwambia anavunja tabia njema, kwamba kuna kifungu, kwamba atamlaza kashoni. Dada akauliza kifungu gani. Akamjibu: «Utaijua kule.» Mwisho alitoa franga elfu kumi na akaenda kubadilisha nguo. Jina la yule askari wala kituo chake siviweki hapa, haitasaidia kitu. Jioni ile nilifungua kitabu cha sheria ya makosa, kwa hasira tu, nikatafuta kile kifungu. Nikakipata. Na nilipokisoma nikatambua kwamba kifungu ambacho kilimlipisha rafiki yangu kwa jipe njo kifungu kilekile ambacho kilipaswa kumfunga yule mwanaume wa mahindi.

Ni kifungu cha 176 cha kitabu cha makosa ya jinai, kile cha dekreti ya tarehe 30 Januari 1940. Kwa maneno yangu kinasema hivi: mwenye kuyatukana maadili hadharani kwa matendo yanayoumiza haya, atafungwa kuanzia siku 8 mpaka miaka 3 na kutozwa faini, au atapewa moja tu ya adhabu hizo. Katika vitabu tulivyosomea faini hiyo bado imeandikwa kwa zaire, pesa ambayo wengi wenu hamkuishika hata siku moja. Ni kifungu kifupi sana. Ninataka tukisome polepole, kama vile tungesoma maandishi mengine yoyote, juu shida yetu yote imelala ndani ya maneno hayo machache.

Angalieni nani ametukanwa. Si mtoto wa miaka 12. Ni «maadili». Angalieni nini kimeumizwa. Si mtu. Ni «haya», bila kusema haya ya nani. Neno la nia halionekani, wala neno la mtu aliyelazimishwa kuona. Kwa hiyo mwenye kusoma anaweka humo anachotaka. Mtu akiamini kwamba goti la mwanamke linaumiza haya, kifungu kinamruhusu. Akiamini kwamba mwanaume aliyejifunua mbele ya watoto ni kichekesho cha mlevi, kifungu hakimlazimishi kitu.

Mnaweza kuniambia: dada, kuna sheria ya ujeuri wa kingono, ya tarehe 20 Julai 2006. Ndiyo, na ni sheria kubwa, wanawake wa Kivu waliililia kwa damu. Lakini chukueni maandishi yake ya 2006 na mumtafute ndani yake mwanaume wa mahindi. Kosa la kushambulia haya ya mtu, kifungu cha 167, linataka tendo lifanywe kwa kusudi na moja kwa moja juu ya mtu. Yeye alisimama mita tano. Kosa la kusumbua mtu kingono linataka tabia ya kurudia-rudia, na lengo la kupata kitu cha kingono kwa yule unayemsumbua. Yeye hakutuomba kitu. Hakuna kubaka, hakuna kugusa, hakuna neno. Mwanasheria mzuri anaweza kupigana ili amwingize mahali fulani, hasa juu tulikuwa watoto na kuna sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Lakini kule chini, kwenye meza ya OPJ, hakuna mtu anayepigana namna hiyo. Kule kuna swali lile la mama: «Alikugusa?» Ukisema hapana, kalamu inalala.

Ninasema tunachanganya vitu viwili ambavyo vinafanana kwa macho tu. Kimoja ni mwili kuonekana. Kingine ni mtu kutumia uchi wake juu ya mtu mwingine, kama vile angetumia fimbo. Kimoja mara nyingi si kosa hata kidogo, na kingine ni kosa hata kama hakuna ngozi iliyogusa ngozi. Polisi wetu, na sisi wenyewe, tunaadhibu cha kwanza na kucheka cha pili.

Mwanaume anayekojoa pembeni ya barabara ya Sake, mgongo kwa watu, ana adabu mbaya, sawa, na mji ungejenga vyoo. Hakukusudia kumtisha mtu. Wanaume wanaooga kandokando ya ziwa Kivu asubuhi, huku akina mama wanachota maji pembeni yao: kila mmoja anageuza macho, wanasalimiana, maisha yanaendelea. Mama mwenye ugonjwa wa akili anayetembea uchi sokoni hahitaji kasho, anahitaji kitenge begani na mtu wa kumpeleka kwa waganga, na Goma tuko na Tulizo Letu, wanaojua kazi hiyo. Sasa mchukue mwanaume yuleyule wa ziwani. Siku moja angojee mpaka msichana abaki peke yake, amgeukie, amwangalie usoni mpaka amwone ameogopa. Mwili ni uleule, maji ni yaleyale. Lakini hapo kosa limezaliwa, na limezaliwa ndani ya nia yake na ndani ya woga wa yule msichana.

Kuna hata uchi ambao ni hukumu. Mnamo 1992, kule Uhuru Park, Nairobi, akina mama waliokuwa wanadai watoto wao wafungwa wa siasa, pamoja na Wangari Maathai, walishambuliwa na polisi, na baadhi yao wakavua nguo. Mnamo 2015 akina mama wa Apaa, kaskazini ya Uganda, walifanya hivyo mbele ya wakubwa waliokuja kupima ardhi yao. Hakuna mtu wa kwetu anayehitaji kufasiriwa maana yake. Mama akivua mbele yako, amekulaani, na hata mwenye bunduki anageuza uso. Kifungu chetu cha 176 kingewakamata wale mama haraka kuliko mwanaume wa mahindi, juu wao walikuwa wengi, mchana, hadharani kabisa.

Na tusidanganyane kwamba kuchanganya huku ni bahati mbaya tu ya maneno. Wenye nguvu wanakupenda. Wakati wa otantisite, Mobutu alikataza wanawake pantalo na jipe fupi. Mnamo 1997, AFDL walipoingia Kinshasa, wanajeshi waliwapiga wanawake barabarani juu ya mavazi. Tawala mbili zilizochukiana mpaka kufa, lakini juu ya miguu ya wanawake walielewana. Uganda walipitisha sheria dhidi ya ponografia mwaka wa 2014, na siku hizohizo wanaume wakaanza kuwavua wanawake nguo njiani, eti wanasaidia sheria. Ilichukua mpaka Agosti 2021 kwa Mahakama ya Katiba kuifuta. Mwaka uleule wa 2014, mwezi wa Novemba, mwanamke alivuliwa nguo kwenye kituo cha matatu Nairobi, wanawake wakaandamana, na kabla ya mwaka kwisha Kenya wakaweka ndani ya sheria yao ya jinai kosa la kumvua mtu nguo, kifungo kisichopungua miaka 10. Mimi siipendi sana adhabu ya kupiga rungu namna hiyo, hakimu anafungwa mikono. Lakini someni jinsi walivyoliandika: aliyetukanwa pale ni mtu. Si maadili yanayoelea hewani.

Kuna wanaoniambia kwamba ninakuza jambo dogo. Tuko na vita, wanasema, watu wanabakwa, wewe unatuletea mlevi aliyeteremsha pantalo. Nimelisikia kwa wanaume na kwa wanawake pia, na sitaki kulipuuza, juu ninajua linatoka wapi. Mtu ambaye ameona makubwa anapima madogo kwa kipimo hicho. Lakini kwa kujibu inabidi niwatoe Kongo kidogo, niwapeleke Uingereza, nchi ambayo polisi wake wana magari, mitandao na kamera kila kona.

Tarehe 3 Machi 2021, mjini London, msichana anayeitwa Sarah Everard alikamatwa barabarani na polisi aliyemwonyesha kitambulisho cha kazi, akabakwa na kuuawa. Polisi huyo ni Wayne Couzens. Baadaye ikajulikana kwamba mwezi Februari, mara mbili, alikuwa amejifunua mbele ya wafanyakazi wa kike wa McDonald's moja huko Kent. Wafanyakazi walikuwa wametoa namba ya gari lake. Afisa aliyepewa kesi alifika kwenye ule mkahawa tarehe 3 Machi, siku ileile, saa chache kabla Sarah hajakamatwa. Na nyuma zaidi, mwaka wa 2015, mtu alikuwa ameripoti mwanaume anayeendesha gari bila nguo chini, namba ya gari ikatolewa, na ikaishia hapo. Uchunguzi wa Angiolini, uliotoka Februari 2024, ulionyesha wazi kwamba makosa hayo yalichukuliwa kama upuuzi. Mnamo 2023 Couzens aliongezewa miezi 19 kwa ajili ya kujifunua, wakati tayari alikuwa na kifungo cha maisha.

Sheria yao ya 2003 ilikuwa nzuri kuliko yetu. Inataja viungo vya siri, inataja nia ya kuogofya au kuumiza mtu, inafika miaka 2. Maneno mazuri yalikuwepo, na bado kalamu ililala. Kwa hiyo sidanganyiki kwamba kubadili kifungu kutatosha. Lakini kesi hiyo inajibu neno la «jambo dogo». Si kila anayejifunua atabaka. Wengi hawafiki huko, na mganga Lasègue, ambaye mnamo 1877 kule Paris aliwapa jina lao, aliwaona kama wagonjwa zaidi kuliko majambazi. Ila wengine wanaendelea, na wewe unayeandika kesi huna mashine ya kukuonyesha yupi atasimama na yupi ataendelea. Una kitu kimoja tu: kuandika. Tarehe, saa, mahali, nguo, alisimama wapi, alisema nini, aliwahi kufanya hivyo kwa nani mwingine. Kesi ya kwanza ni karatasi moja. Ya tatu mahali palepale, saa ileile, ni mtu. Na hapo awe mgonjwa apelekwe kwa mganga, awe mkorofi apelekwe parke. Bila karatasi ile ya kwanza hata mganga hampati.

Hata Wabelgiji, ambao kwao maneno ya kifungu chetu yalitoka, wameyaacha. Mwaka wa 2022 waliandika kosa la kujifunua kama kitu ambacho unamlazimisha mwingine akione. Wafaransa walikuwa wameshafanya hivyo katika kitabu chao kipya kilichoanza kazi mwaka wa 1994. Sisemi tuwafuate kama kondoo. Ninashangaa tu kwamba mwenye nguo ameitupa na sisi bado tunaivaa.

Turudi nyumbani. Vita viliporudi Rutshuru mwaka wa 2022, familia yangu ilikimbilia Kanyaruchinya pamoja na maelfu ya wengine. Mnaijua ile kambi, au mliona picha: mawe ya volkano, mashiti meupe, mashiti juu ya mashiti. Mahali pa kuogea palikuwa shiti lililofungwa kwenye miti minne, na upepo unalifungua unavyotaka. Dada yangu mdogo, wakati huo miaka 14, alikuwa anaoga giza likiingia. Mwanaume mmoja akawa anakuja kusimama mbele ya mlango, yeye akiwa amejifunua, anangojea msichana atoke amwone. Si dada yangu peke yake. Akina mama wakaenda kwa mmoja wa wasimamizi wa mtaa wa kambi. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimeshamaliza masomo, nilikuwa nimejiandaa na vifungu vyangu vyote kichwani.

Akamwuliza dada yangu: «Alikugusa?»

Halafu akasema jambo ambalo lilinishinda kujibu. Akasema wasichana wasiwe wanaoga saa hizo, na wakitoka wajifunge vizuri, juu hata wao wanaonyesha. Mnaona jinsi vitu viwili vimerudi kuwa kimoja? Mwanaume amesimama uchi kwa kusudi, na shauri linaishia kwenye kitenge cha msichana aliyekuwa anaoga ndani ya shiti lenye tundu. Mama mmoja mzee alikuwa pale, mama wa Kisigari, hakusoma hata darasa moja. Akamwambia yule msimamizi: «Papa, kama mutu anakuonesha panga kila magaribi, utangoja akukate njo uandike?» Watu wakacheka, na yeye msimamizi akacheka. Lakini akachukua daftari. Kesho yake wanaume wawili waliwekwa kulinda pale saa za jioni, na yule mtu hakurudi. Katika kesi zote nilizoziona, hiyo njo mara moja tu ambapo kitu kilifanyika, na hakukuwa na kifungu, hakukuwa na polisi, kulikuwa na daftari la mwanafunzi na mama mzee mwenye mdomo.

Leo kambi zilifutika, wenye silaha walibadilika, na sitaingia huko, mnajua sababu. Mama na dada walirudi Kalengera. Yeyote anayekaa kwenye meza ya kupokea mashitaka, awe na kofia ya rangi gani, meza ni ileile na swali ni lilelile.

Juzi nilimpigia dada simu, akaniambia anahema, anatoka kuchota maji. Nikamwuliza kwa nini anahema hivyo, mbona maji si mbali. Akasema anapita njia ya juu. Nikamwuliza nani alimwambia apite huko.

«Yaya, si ni wewe ulinioneshaka?»